Gharama ya afya kwa wote miaka 30 mbele: njia nne za kukadiria, uchukue ipi?

Serikali yoyote ikitangaza kwamba sasa kila mwananchi atatibiwa bila kuuza mali zake, swali la kwanza kutoka wizara ya fedha huwa ni moja tu, itatula kiasi gani na mpaka lini. Hapo ndo utashangaa, wataalamu wanne wanaleta namba nne na hazikaribiani hata kidogo, mmoja anasema tutafilisika, mwingine anasema mbona hela yenyewe ndogo tu. Mara nyingi hakuna anayedanganya (japo wa hivyo wapo), ila kila mmoja kapita njia yake na kila njia ina kitu inachokiona vizuri na kitu ambacho haikioni kabisa. Kwahiyo mimi naona kuuliza "njia ipi ndo sahihi" ni kupoteza muda, uliza ni kosa lipi litakuumiza zaidi, alafu chagua njia inayoliona hilo kosa.

Kabla ya kuzilinganisha kuna kitu kinachanganya watu kila siku. Ukiambiwa gharama itapanda zaidi ya mara mbili na nusu ndani ya miaka 20 uliza kwanza, ni hela za mwaka gani? Mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka peke yake unageuza 100 kuwa 265 baada ya miaka 20, na hapo hujaongeza hata bomba moja la sindano. Uingereza walipitia hili, huduma yao ya afya ya taifa ilianza 1948 na miaka ya mwanzo matumizi yakawa yanapitiliza makadirio, watu walikuwa wamekaa na meno mabovu na macho yasiyoona miaka na miaka, mlango ulipofunguliwa wakaja wote kwa mkupuo kuchukua miwani na meno ya bandia, kelele zikawa nyingi mpaka 1951 serikali ikaweka malipo kwenye vitu hivyo na Aneurin Bevan, aliyekuwa waziri wa afya wakati mfumo unaanza, akajiuzulu serikalini. Ikaundwa kamati ya Guillebaud ichunguze hela zinaishia wapi, ripoti ikatoka 1956, na ilichokuta ni kwamba ukipima kwa pato la taifa gharama ilikuwa imeshuka, kutoka kama asilimia 3.75 mwaka 1949/50 hadi kama asilimia 3.25 mwaka 1953/54. Watu walikuwa wanaona namba inapanda kwenye karatasi ya bajeti kumbe uchumi mzima ulikuwa unapanda haraka zaidi. Kwahiyo makadirio ya muda mrefu soma kwa asilimia ya pato la taifa, au angalau kwa hela iliyotolewa mfumuko wa bei, kinyume na hapo unasoma habari za bei tu.

Haya, njia zenyewe.

Ya kwanza ni kuvuta mstari. Unachukua matumizi ya miaka kumi iliyopita, unapata kasi ya ukuaji, unaivuta mbele. Faida yake kubwa ni kwamba mtu mmoja mwenye ekseli anaimaliza kabla ya chakula cha mchana na haihitaji data ambazo huna. Tatizo ni kwamba mstari unadhani kesho ni mpango ule ule wa jana, na sisi tunazungumzia upanuzi, yaani kwa makusudi kabisa tunabadilisha nani anaingia na anapata nini, sasa historia ya watumishi wenye mishahara inakwambia nini kuhusu wakulima na wauza mitumba ambao hawajawahi kuwa na kadi? Kidogo sana. Mimi naitumia kama kipimo cha kuchekechea tu, njia nyingine ikinipa namba iko mbali sana na mstari nataka sababu ya maneno, kwanini iko mbali.

Ya pili ni kuhesabu kutoka chini. Hapa unaorodhesha huduma zilizomo kwenye kitita, unahesabu watu wangapi watazihitaji, kila moja inataka dakika ngapi za nesi, dawa gani, kitanda siku ngapi, unazidisha na bei. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya UN wana programu ya kazi hii inaitwa OneHealth Tool, na mwaka 2017 shirika hilo lilitoa makadirio ya aina hii kwa nchi 67 za kipato cha chini na cha kati, kwamba kufikia malengo ya afya kungehitaji nyongeza inayofika dola bilioni 371 kwa mwaka ikifika 2030, ndani yake kuna wahudumu wa afya zaidi ya milioni 23 na vituo vipya zaidi ya 415,000. Unaona utamu wake, namba haiko hewani, imekuja na orodha ya kununua na waziri anajua aajiri nani na ajenge wapi.

Ila hii njia inahesabu hitaji, na hitaji sio matumizi. Mtu anaweza kuhitaji kupimwa presha na asiende maisha yake yote, mwingine anaenda kila wiki na hana kitu. Alafu inadhani kila kitu kinapatikana, ukiandika wauguzi elfu hamsini kwenye jedwali jedwali linakubali, vyuo ndo vinakataa. Na baada ya miaka kumi kumi na tano inaishiwa nguvu kabisa, maana hakuna anayejua kitita cha miaka 25 ijayo kitakuwa na dawa gani, na humo ndo hela nyingi ya muda mrefu imejificha. Beveridge, mwingereza ambaye ripoti yake ya 1942 ilitangulia mfumo ule wa Uingereza, aliweka humo pauni milioni 170 kwa huduma za afya mwaka 1945 na milioni 170 hizo hizo kwa mwaka 1965, akitegemea kwamba huduma ikikua watu nao watakuwa na afya bora na watahitaji matibabu kidogo. Hesabu yenye mantiki kabisa. Ila ugonjwa ulioponyeka unampa mtu miaka ya kuishi mpaka apate ugonjwa mwingine wa gharama zaidi, na madaktari nao hawajakaa kimya, kila mwaka wanagundua kitu kipya cha kukutibu.

Ya tatu ni ya marika, hii ndo nyumbani kwa watu wa hesabu za bima, maaktuari. Unachukua gharama ya mtu mmoja kwa umri na jinsia, mtoto chini ya mwaka mmoja, kijana wa miaka 20, mama wa miaka 30, mzee wa 75, unazidisha na idadi ya watu ya kila rika mwaka hadi mwaka kutokana na makadirio ya sensa, unaongeza kasi ya bei na kasi ya watu wapya kuandikishwa. Marekani wadhamini wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, wanafanya hivi kila mwaka kwa miaka 75 mbele, na kwa mfumo ulioko kwenye karatasi tayari hii ndo njia ninayoiamini zaidi kati ya zote nne. Lakini ina mitego, na mingi iko kwenye data za mwaka wa kwanza.

Angalia mambo yanavyokuwa. Kama kujiunga ni hiari, wanaowahi ni wagonjwa, mwenye kisukari na mjamzito wako mstari wa mbele wakati kijana mzima anasema ngoja kwanza, kwahiyo gharama kwa kichwa mwaka wa kwanza ni kubwa kuliko itakavyokuwa wote wakiingia. Kama ni lazima na watu wameandikishwa moja kwa moja mambo yanageuka, nusu hawajui wana haki gani, kituo kiko mbali, gharama kwa kichwa ni ndogo na itapanda wakishazoea. Mwaka ule ule wa kwanza, makosa mawili yanayovutana, na ukichukua wastani wake ukauvuta miaka 30 unakuwa umepanda mbegu ya kosa kwenye kila mwaka unaofuata.

Mtego mwingine ni wagonjwa wanaolimbikizana. Chukua mfano wa kubuni, mfumo unaanza kulipia usafishaji wa figo, kila mwaka wanaingia wagonjwa wapya 100 na kila mwaka asilimia 15 ya waliopo wanafariki. Mwaka wa kwanza unalipia 100. Wa pili 185, wa tatu 257, wa tano 371, wa kumi 535, na haitulii mpaka ikaribie 667. Wagonjwa wapya hawajaongezeka hata mmoja, ni wale wale 100 kila mwaka, lakini bili imepanda zaidi ya mara tano ndani ya miaka kumi kwasababu matibabu yanafanya kazi na watu wanaishi. Na ukiboresha huduma vifo vikashuka hadi asilimia 10, kituo cha mwisho kinasogea hadi 1,000. Aliyeandika bajeti kwa kuangalia mwaka wa kwanza atakuja kusema figo zimevamia nchi. Thailand walipoanza huduma kwa wote 2002 waliacha usafishaji wa figo nje ya kitita kwa hofu hii hii, wakauingiza 2008, tena kwa sharti kwamba mgonjwa aanze na njia ya tumboni inayofanyika nyumbani kabla ya mashine ya hospitali. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeona mkunjo wa mlimbikizo kabla hajasaini.

Marekani ni upande wa pili. Mwaka 1965 sehemu ya hospitali ya Medicare ilikadiriwa kula kama dola bilioni 9 ifikapo 1990, ikala kama bilioni 67. Watu wanapenda kuichomoa hii kuonyesha kwamba makadirio yote ni uongo, ila ukiichambua sababu zinaonekana, mfumuko wa bei wa miaka ya 70 ambao hakuna aliyeutegemea, sheria ya 1972 iliyoingiza watu wenye ulemavu na wagonjwa wa figo zilizokufa ambao kwenye hesabu ya 1965 hawakuwepo kabisa, na hospitali zilizokuwa zinalipwa kadiri zilivyotumia kwahiyo hazikuwa na sababu ya kubana. Idadi ya wazee, ambayo ndo kila mtu anaigombania, haikuwa mhusika mkuu.

Na hapo kwenye wazee nikae kidogo maana ndo hoja inayouzwa sana. Jedwali la marika likionyesha mzee wa 80 anakula mara kadhaa ya kijana, watu wanazidisha tu na kupata balaa. Watafiti Zweifel, Felder na Meiers walitoa andiko 1999 wakionyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kama gharama ya umri ni gharama ya kukaribia kufa, miezi ya mwisho ndo ghali, iwe una 65 au 85. Watu wakiishi zaidi ile miezi inasogezwa mbele, haiongezwi. Kwahiyo modeli ya marika isiyotenganisha wanaofariki mwaka huo na wanaobaki itazidisha gharama ya uzee. Isipokuwa kwenye uangalizi wa muda mrefu, kumlisha na kumuogesha mtu asiyejiweza, huko umri wenyewe unauma kweli, na ndo maana Japani waliutengea bima yake peke yake mwaka 2000.

Ya nne ni kutoka juu. Hapa huhesabu wagonjwa wala sindano, unaanza na asilimia ya pato la taifa inayoenda kwenye afya alafu unasema inakua kwa sababu tatu, idadi na umri wa watu, kipato, na kile kinachobaki, ambacho ndani yake kuna teknolojia mpya na ule ukweli kwamba mishahara ya manesi lazima ifuatane na mishahara ya sekta nyingine hata kama nesi hawezi kuhudumia wagonjwa mara mbili zaidi kwa siku, jambo aliloeleza mchumi Baumol. Hicho kinachobaki ndo baba lao. Tuseme uchumi unakua asilimia 3 kwa mwaka na afya inakula asilimia 4 ya pato. Afya ikikua asilimia 3 pia, baada ya miaka 30 bado ni 4. Ikikua asilimia 4, unafika kama 5.3. Ikikua asilimia 5, unafika kama 7.1. Nukta moja tu ya asilimia ambayo mtu kaiweka kwenye seli moja ya jedwali, na ndo tofauti kati ya mpango unaobebeka na mpango unaoangusha serikali. OECD, shirika la nchi nyingi tajiri, walifanya zoezi hili 2006, matumizi ya umma kwa afya na uangalizi wa muda mrefu kwenye nchi zao yalikuwa kama asilimia 7 ya pato mwaka 2005, na kwa 2050 wakatoa majibu mawili, kama asilimia 10 serikali zikibana na kama 13 zisipobana. Napenda walivyofanya, hawakujifanya wana namba moja.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haisemi chochote kuhusu kitita. Ukiuliza tukiongeza huduma ya meno itakuwaje, haina jibu, inakuangalia tu.

Kuna na ya tano kama unataka kuhesabu, ya kuiga kaya moja moja kwenye kompyuta na kuona nani atajiunga na nani atahama kutoka bima binafsi. Nzuri kwa maswali ya nani analipa na nani anafaidika, ila inakula data na watu wenye ujuzi, na kwa swali la miaka 30 haikupi zaidi ya ile ya marika. Naipita.

Sasa ukiziweka pembeni kwa pembeni, kuna vitu viwili ambavyo hakuna njia hata moja inayokupa bure, lazima uviingize mwenyewe. Cha kwanza ni tabia. Matibabu yakiwa bure watu wanatumia zaidi, na hii imepimwa kwa majaribio sio porojo. Jaribio la taasisi ya utafiti ya RAND kule Marekani miaka ya 1974 hadi 1982 lilikuta waliotibiwa bure wametumia karibu asilimia 45 zaidi ya waliokuwa wakilipia karibu bili yote mpaka kikomo fulani. Kwenye jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2008 nafasi za bima ya serikali zilitolewa kwa bahati nasibu, na waliopata wakaenda idara ya dharura kama asilimia 40 zaidi, wakati wanasiasa walikuwa wameahidi kwamba bima itapunguza foleni ya dharura kwasababu watu wataenda kwa daktari wa kawaida. Sisemi ni vibaya, wengi wao walikuwa wagonjwa kweli, nasema iingize kwenye hesabu. Na usichanganye gharama ya serikali na gharama ya taifa, sehemu ya hiyo nyongeza ni hela ambayo wananchi walikuwa wanatoa mfukoni tayari, imehama tu kutoka mfuko wa mgonjwa kwenda wa umma, hivyo weka mistari miwili, bila hivyo mpinzani wako atasema umeongeza gharama ambayo ilikuwepo siku zote.

Cha pili ni namna unavyolipa hospitali, na hapa ndo naona watu wengi hawaangalii. Kama unalipa kwa kila huduma, makadirio ni utabiri, unaweza kukosea vibaya. Kama unalipa kwa kila kichwa au kwa bajeti iliyofungwa, makadirio yanakuwa uamuzi. Thailand walianza na baht 1,202 kwa kichwa kwa mwaka na kiwango kikawa kinajadiliwa na serikali mwaka hadi mwaka, Taiwan walianza bima yao 1995 na ilipofika 2002 hospitali zao zilikuwa chini ya bajeti ya jumla iliyofungwa. Ukifunga hivyo namba yako ya mwaka kesho itatimia karibu sawasawa, ila presha haijapotea, imehamia sehemu ambayo ekseli yako haioni, hospitali inadaiwa na wauza dawa, foleni inarefuka, mgonjwa anaambiwa dawa hii hatuna kanunue nje. Kwahiyo ukiona makadirio yanatimia kila mwaka bila kukosea usishangilie haraka, kaangalie madeni ya hospitali kwanza.

Nichukue ipi basi? Kama swali ni bajeti ya miaka mitatu hadi mitano na kitita bado kinajadiliwa, nenda ya kutoka chini, na idadi ya wauguzi ibane kwa uwezo halisi wa vyuo. Kama mfumo unaendeshwa tayari na una madai ya malipo kutoka hospitali ya miaka kadhaa yenye umri wa mgonjwa, chukua ya marika, ila magonjwa ya kudumu kama figo, kisukari, ukimwi na saratani yatoe pembeni uyahesabu kwa mlimbikizo, sio kwa wastani. Kama unaulizwa kodi iwe kiasi gani mpaka 2055, ya marika kwa miaka kumi ya mwanzo alafu baada ya hapo ya kutoka juu, na pale zinapokutana zisiruke, zikiruka kuna dhana mojawapo imepinda. Huna data kabisa? Usijidanganye kununua modeli kubwa ya bei mbaya, fanya ya kutoka juu yenye mistari mitatu, afya kukua sawa na uchumi, asilimia moja zaidi yake na mbili zaidi yake, na uitoe yote mitatu kwa pamoja maana ukimpa mwanasiasa mmoja wa katikati tu ataukariri kama ahadi.

Na chochote utakachochagua, mwaka ukiisha usisahihishe namba tu ukaendelea, vunja tofauti vipande, ngapi imetokana na watu wengi kuliko tulivyodhani, ngapi na ziara nyingi kwa kila mtu, ngapi na bei, ngapi na kitu kipya kilichoingizwa na bunge katikati ya mwaka. Vipande vya kwanza viwili hupungua makosa kadiri data zinavyokuja. Cha bei kinahitaji mtu wa kukaa mezani na wauza dawa. Cha bunge hakuna modeli inayokiweza, cha kufanya ni kudai kila huduma mpya ije na karatasi yake ya gharama ya miaka 20 kabla haijapigiwa kura.